Lita si kilo: neno 'zito' linavyotupunja sokoni na maabarani

Mfugaji mmoja ambaye husoma safu hii ameniandikia swali nililolibeba kichwani wiki nzima. Kila alfajiri yeye hupeleka maziwa katika kituo cha kukusanyia, mtungi wake wa lita 20 ukiwa umejaa hadi kwenye alama. Karani huutazama tu mtungi, hauweki kwenye mizani, kisha huandika kitabuni: kilo 20. Mwisho wa mwezi malipo huja kwa kilo. "Mwalimu," ananiuliza, "lita na kilo ni majina mawili ya kitu kimoja, ama mimi ninapunjwa?"

Jibu fupi ni kwamba ni vitu viwili, na ndiyo, anapunjwa, pengine hata karani mwenyewe asijue. Lita moja ya maziwa ya ng'ombe ambayo hayajatiwa maji ina takriban kilo 1.03. Lita 20, basi, ni kilo 20.6. Gramu 600 zinapotea kila asubuhi kati ya mtungi na kalamu. Kwa mwezi wa siku 30 ni kilo 18. Kwa mwaka ni kilo 219. Huyo ni mfugaji mmoja mwenye mtungi mmoja. Hebu wahesabu wote wanaopanga foleni nyuma yake.

Jibu refu linahusu lugha, na ndiyo maana nimelileta hapa badala ya kumwachia mwenzangu wa idara ya fizikia. Naamini kosa la karani halikuanzia kituoni. Lilianzia katika maneno tuliyompa.

Tuanze na ujazo, kwa kuwa ndilo neno lisilo na utata mwingi. Limetokana na kitenzi jaa, jaza. Ujazo ni ile nafasi ambayo kitu kinaichukua. Tunaupima kwa lita na mililita, au kwa kipimo cha urefu kilichozidishwa mara tatu: sentimita za ujazo, mita za ujazo. Mililita moja ni sawasawa na sentimita moja ya ujazo. Lita moja ni mchemraba wenye sentimita kumi kila upande. Mita moja ya ujazo ina lita 1,000. Mwenye tangi la maji nyumbani halihitaji somo hili.

Shida huanza tukifika kwenye kilo. Mtu akikuuliza kilo hupima nini, utamjibu haraka: uzito. Mwanafizikia atatikisa kichwa. Kilo hupima kiasi cha maada kilichomo ndani ya kitu, na kiasi hicho hakibadiliki ukikihamisha kitu hicho kutoka Kisumu hadi mwezini. Wenzetu wa Tanzania, ambako sayansi katika shule za msingi imefunzwa kwa Kiswahili kwa miaka mingi, hukiita tungamo. Ni neno zuri. Damu hutungama, mafuta hutungama. Kitu kilichotungama kimejikusanya kikawa donge. Tungamo la kitu ni huko kujikusanya kwa maada yake. Uzito, kwa maana ya kisayansi, ni kani: nguvu ambayo dunia inatumia kukivuta kitu hicho chini. Hupimwa kwa nyutoni, wala si kwa kilo. Mwezini mvuto ni kama sehemu moja kwa sita ya wetu, kwa hiyo gunia la kilo 90 lingebaki na tungamo la kilo 90 lakini mpagazi angelibeba kama la kilo 15.

Usidhani haya ni mambo ya mwezini pekee. Dunia haivuti kwa nguvu sawa kila mahali. Huvuta kidogo zaidi kwenye ncha zake kuliko kwenye ikweta, na nguvu hupungua ukipanda milimani. Nairobi iko karibu na ikweta na iko juu. Chukua mizani ya springi iliyorekebishwa London, uning'inize kilo moja ya dhahabu hapa Nairobi. Itakuonyesha upungufu wa gramu tatu na ushei. Kwa viazi hakuna atakayejali. Kwa dhahabu utajali. Ile mizani ya vitanga viwili haidanganyiki hivyo, kwa sababu mvuto ukipungua kwenye kitanga kimoja hupungua na kwenye kingine. Inalinganisha tungamo na tungamo.

Na uzani je? Neno hili ni ndugu wa mizani, yote mawili kutoka Kiarabu, ilhali uzito limezaliwa na kivumishi chetu cha Kibantu, -zito. Waandishi wengi wa Kenya huyatumia uzani na uzito kama pacha, na katika mazungumzo sina ugomvi nao. Ila katika kitabu cha sayansi ningependa kila dhana iwe na neno lake: tungamo kwa kilo, uzito kwa nyutoni, na uzani ubaki kwa kazi ya sokoni, yaani kile mizani inachosema.

Sasa nifike kwenye mzizi wa fitina. Kivumishi -zito kimebebeshwa mzigo kuliko punda. Tunasema jiwe zito, sawa. Lakini pia tunasema uji mzito, moshi mzito, usingizi mzito, jambo zito, na mafuta mazito. Uji mzito si uji wenye kilo nyingi, ni uji usiotiririka upesi. Mafuta yakimwagika polepole kutoka chupani tunayaita mazito. Nimewahi kuwauliza wanafunzi wa mwaka wa kwanza, watu waliofaulu mitihani, kipi kizito kati ya mafuta ya kupikia na maji. Wengi walijibu mafuta. Haya, mbona basi mafuta huelea juu ya mchuzi? Kimya. Walikuwa wamejibu swali la ulimi: mafuta ni mazito kwa kuwa ni manato. Lita moja ya mafuta ya kupikia ina takriban kilo 0.92, na ya maji ina kilo moja. Mafuta ni mepesi kuliko maji.

Nimesema lita moja makusudi. Kuna kitendawili cha zamani cha kuwatega watoto: kilo ya pamba na kilo ya chuma, ipi nzito? Mtoto husema chuma, wakubwa hucheka. Mimi humtetea mtoto. Hakuwa mjinga, alikuwa anajibu swali jingine ambalo lugha yake haikumpa neno la kulitenga. Alikuwa akiwaza juu ya pamba na chuma vya ukubwa mmoja, na hapo ana haki kabisa. Alichokuwa akikitafuta ni tungamo lililogawanywa kwa ujazo: katika kila sentimita moja ya ujazo, mna gramu ngapi? Chuma kina karibu gramu 7.9. Maji yana gramu moja. Hiyo ndiyo densiti.

Kuhusu neno densiti nimebishana na wenzangu kwa miaka. Wapo wanaopendelea msongamano, na ninaona mvuto wake: maada imesongamana katika nafasi ndogo, kama abiria katika matatu ya jioni. Lakini msongamano kwetu tayari una lawama ndani yake. Msongamano wa magari, msongamano wa wafungwa. Kinachosongamana kimezidi. Sasa utasemaje msongamano wa pamba, ambayo haijasongamana hata chembe? Densiti ni neno la kukopa, halipendezi sana masikioni, lakini halina lawama. Hewa ina densiti, risasi ina densiti. Nalichagua hilo, bila shangwe.

Mababu zetu wa pwani walilijua jambo hili hata kabla ya neno. Walikuwa na vipimo vya aina mbili. Nafaka walizipima kwa vyombo: kibaba, kisaga ambacho ni vibaba viwili, pishi ambayo ni vibaba vinne, na mzo ambao ni pishi 60. Hivyo vyote ni vipimo vya ujazo. Pembe za ndovu na karafuu walizitia mizanini: wakia, ratili, na frasila ambayo ilikuwa kama ratili 35, yaani karibu kilo 16. Mfanyabiashara wa pwani alijua ni bidhaa gani ya chombo na ni ipi ya mizani. Zaidi ya hapo, lugha ilimlinda mnunuzi kwa kutofautisha kibaba cha mfuto na kibaba cha tele. Cha mfuto kilifutwa juu kikawa sawa na ukingo. Cha tele kilirundikwa hadi nafaka zikaanza kuporomoka. Bei ilipokubaliwa, ilijulikana ni ya kibaba kipi. Leo tumebaki na methali ya haba na haba, tukasahau kuuliza kibaba hicho kilikuwa cha mfuto au cha tele.

Mrithi wa kibaba ni gorogoro, na hadithi yake inanifurahisha kuliko zote. Gorogoro ni mkebe wa mafuta ya kupikia ambao umekwisha kazi yake ya kwanza. Kwenye ubavu wake paliandikwa kilo mbili. Maandishi hayo yalikuwa ya kweli, lakini yalihusu mafuta. Kwa kuwa mafuta yana densiti ya karibu kilo 0.9 kwa lita, kilo mbili zilihitaji mkebe wa lita 2.2 hivi. Mkebe ukahamia sokoni, ukajazwa mahindi, na ile "kilo mbili" ikahama nao.

Haya, tufanye hesabu. Punje kavu ya mahindi ni nzito kuliko maji. Itupe ndani ya sufuria itazama, isipokuwa iliyotobolewa na wadudu ikawa ganda tupu. Lakini mkebe wa mahindi haujajaa mahindi. Katikati ya punje mna hewa, na mnunuzi hulipia mkebe mzima pamoja na hewa yake. Ukijumlisha punje na hewa, lita moja ya mahindi makavu huwa na kama kilo 0.73. Zidisha kwa lita 2.2. Unapata kilo 1.6. Ili kuzifikisha kilo mbili lazima mkebe urundikwe, na ndiyo maana mama anayeuza mahindi huweka ule mlima juu na wewe husimama kuutazama kama mwamuzi. Kwa unga mambo ni mabaya zaidi, maana unga uliochotwa bila kushindiliwa una hewa nyingi mno. Mkebe ule ule wa mfuto haufiki kilo moja na nusu. Kutikisa mkebe kunabadilisha kila kitu. Muuzaji humimina polepole, mnunuzi hugonga ubavu wa mkebe, na ukiwatazama wanavutana juu ya densiti bila hata mmoja wao kuitaja jina.

Debe lina historia ya jinsi hiyo. Lilikuwa mkebe wa mafuta taa wa galoni nne, lita 18 hivi. Gunia letu la kilo 90 nalo ni mabaki ya ratili 200. Na lumbesa je? Gunia la viazi linaloongezewa kofia ya wavu juu hadi linamzidi mbebaji kimo ni ujazo unaojifanya tungamo. Kanuni za mwaka 2019 za zao la viazi ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa mfuko. Ukiniuliza, kikomo hakina nguvu pasipo mizani shambani, kwa sababu mnunuzi huhesabu magunia, hahesabu kilo.

Mtu anaweza kusema haya ni mambo ya senti na gramu. Basi nimpeleke Kanada, Julai 23, 1983. Ndege ya Boeing 767 ya shirika la Air Canada ilikuwa ikisafiri kutoka Montreal kupitia Ottawa kwenda Edmonton ikiwa na watu 69. Vipimo vya mafuta katika chumba cha rubani vilikuwa na hitilafu, kwa hiyo mafundi walipima tangi kwa vijiti. Kijiti hutoa ujazo. Wakapata lita 7,682. Rubani naye huhitaji kujua tungamo, kwa kuwa injini huchoma maada, haichomi nafasi. Safari ilihitaji kilo 22,300.

Kutoka lita kwenda kilo kuna daraja moja tu, nalo ni densiti. Katika hati za kujaza mafuta kulikuwa na nambari 1.77. Wakazidisha 7,682 kwa 1.77 wakapata karibu 13,600, wakaandika kuwa ni kilo. Kumbe 1.77 ilikuwa ratili kwa lita, kama ilivyotumika katika ndege zao za zamani. Ndege hii mpya ilikuwa ya kwanza ya shirika hilo kutumia kilo. Densiti sahihi ilikuwa 0.803, kilo kwa lita. Ndani ya tangi mlikuwa na kilo zisizofika 6,200. Waliongeza takriban lita 4,900 badala ya lita zaidi ya 20,000, wakaruka na chini ya nusu ya mafuta waliyohitaji.

Injini zilizimika angani. Rubani Robert Pearson alikuwa na uzoefu wa kurusha ndege zisizo na injini, na msaidizi wake Maurice Quintal aliukumbuka uwanja wa zamani wa kijeshi huko Gimli. Wakaishusha ndege hapo kama tiara, kwenye njia ambayo siku hiyo ilikuwa na mashindano ya magari na familia zilizopiga kambi kando yake. Hakuna aliyefariki. Ila sikiliza vizuri palipokosewa: hesabu ya kuzidisha ilikuwa sahihi kila mara walipoirudia. Walichokosa ni neno baada ya nambari. 1.77 ya nini? Hakuna aliyeuliza, na nambari isiyo na kipimo haijiulizi yenyewe.

Ndiyo maana huwa mkali darasani mwanafunzi akiniandikia "densiti ya maji ni 1". Ni 1 ukitumia gramu kwa sentimita ya ujazo, au kilo kwa lita. Ni 1,000 ukitumia kilo kwa mita ya ujazo. Maji ni yale yale. Na hiyo 1 haikuja kwa bahati. Wafaransa walipounda mfumo wa metriki mwishoni mwa karne ya 18, waliifasili kilo kwa lita moja ya maji. Baadaye, mwaka 1889, kilo ikawa mcheduara wa platini na iridi uliofungiwa Sèvres, karibu na Paris. Na tangu Mei 20, 2019 imefungwa kwenye nambari ya fizikia iitwayo kigezo cha Planck. Maji yameachiliwa, lakini alama yao imebaki. Karani wa kituo cha maziwa, bila kujua, anayatendea maziwa kama maji ya Wafaransa wale.

Nirudi kwa maziwa. Kituo hicho hicho kisichopima kilo bila shaka kina laktomita, kile kijiti cha glasi kinachoelea ndani ya maziwa. Laktomita haipimi kingine ila densiti. Maziwa halisi huwa kati ya kilo 1.028 na 1.032 kwa lita hivi. Ukitia maji, densiti inashuka, kijiti kinazama zaidi, unakamatwa. Lakini wajanja wapo. Malai ni mepesi kuliko maziwa mengine, ndiyo maana hupanda juu. Ukiyaengua, maziwa yanayobaki densiti yake inapanda. Sasa ongeza maji kiasi, inarudi palepale, na laktomita inatabasamu. Hapa -zito linatucheza shere tena: maziwa yaliyojaa malai tunayaita mazito, na yaliyoenguliwa tunayaita mepesi, wakati kijiti kinasema kinyume chake. Joto nalo huingilia, maana maziwa yenye joto hupanuka na densiti yake hupungua. Aliyetoka kukamua sasa hivi anaweza kushukiwa bure. Vituo makini hupima joto kwanza, au husubiri maziwa yapoe.

Jambo la mwisho, na hili nimeliona kwa macho yangu nikiombwa kukagua tafsiri ya karatasi ya dawa. Chupa ya dawa ya homa ya watoto ilikuwa na miligramu 120 za parasetamoli katika kila mililita 5. Miligramu ni tungamo la dawa, mililita ni ujazo wa maji matamu yanayoibeba. Mfasiri, kwa kutaka kumrahisishia mama kazi, alifuta vipimo vyote akaandika "mpe 5" kwenye mstari mmoja na "nguvu 120" kwenye mwingine. Zipo pia dawa za matone kwa watoto wachanga ambazo mililita moja tu hubeba miligramu 100. Mililita 5 za chupa hiyo ni miligramu 500. Mama aliyezoea "mpe 5" angempa mtoto zaidi ya mara nne. Nilirudisha karatasi ile na wino mwekundu mwingi, nikaomba mililita na miligramu ziandikwe kwa ukamilifu, bila vifupisho, kwa sababu ml na mg zinafanana mno kwa mtu anayesoma usiku kwa mwanga wa simu.

Kwa mfugaji wangu, ushauri ni huu. Azime mizani. Kwanza pima mtungi ukiwa mtupu na mkavu, na kifuniko chake, uandike. Kisha ujaze maziwa hadi kwenye alama ya lita 20, uyaache yapoe, upime tena, utoe ule uzani wa mtungi mtupu. Kama hesabu yangu ni sawa, kitakachobaki ni kilo 20 na karibu gramu 600. Fanya hivyo asubuhi tatu, karani akiwapo, kisha umwombe aandike kitabuni alichokiona kwenye mizani. Akikataa, mwulize kwa heshima: hiyo 20 unayoandika, mwanangu, ni 20 ya nini?